Dawa hutafuta tofauti



Mama mjamzito akifika CPN, kliniki ya wajawazito, katika kituo cha afya cha huku kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo, anapewa kikombe cha maji na vidonge vitatu vya Fansidar. Havibebi kwenda navyo nyumbani. Anavimeza palepale, muuguzi akimtazama, kisha inaandikwa kwenye kadi. Halafu anapewa vidonge vingine vya kuongeza damu, na hivyo ndivyo anavyokwenda navyo. Mama zetu wamepita hapo, dada zetu wamepita hapo, na sidhani kama kuna aliyewahi kukaa na kujiuliza vile vidonge vitatu vinafanya nini vikishafika tumboni.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya kansa, na nimeanza na Fansidar kwa makusudi. Lakini kabla sijasonga mbele, naomba tuelewane: kesho asitokee mtu sokoni akasema redio imetangaza kwamba Fansidar inatibu kansa. Haitibu. Ninachotaka kuwaonyesha ni fikra iliyomo ndani ya kidonge kile, kwa sababu ni fikra hiyohiyo wanayoitumia watafiti wakubwa wa kansa leo, na nusu ya historia yake imepita kwenye eneo letu hili la maziwa makuu.

Mwili umejengwa kwa seli, na ndani ya kila seli kuna vimeng'enya vya aina maelfu. Kimeng'enya ni kama mashine ya kusaga ya mtaani: muhogo mkavu unaingia, unga unatoka, na mashine yenyewe inabaki pale ikingoja beseni linalofuata. Kimoja hukata sukari, kingine hujenga mafuta, kingine hutengeneza vipande vya DNA ambavyo seli ikivikosa haiwezi kugawanyika ikawa mbili. Dawa nyingi tunazomeza kazi yake ni kuziba mdomo wa mashine fulani. Kuziba kwenyewe, wataalamu wa kemia wamekuweza kwa muda mrefu. Panapoumiza kichwa ni kuchagua: mashine ipi ifungwe, na ikifungwa nani atalala njaa, adui peke yake au na mwenye nyumba?

Sasa turudi kwenye vidonge vyetu. Fansidar ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, salfadoksini na pirimethamini, na zote mbili zinashambulia njia moja, ile ya foleti. Foleti ni vitamini ambayo bila yake DNA haitengenezwi. Sisi binadamu tunaila: imo kwenye sombe, kwenye maharage, kwenye maini. Kimelea cha malaria hujitengenezea chenyewe. Kwa hiyo salfadoksini inaziba kimeng'enya ambacho sisi hatuna kabisa. Hiyo ni bahati kubwa kwa mtafuta dawa. Pirimethamini inaziba kimeng'enya kingine, kiitwacho kwa kifupi DHFR, na hicho sisi pia tunacho, ila umbo lake linatofautiana kidogo na cha kimelea, na dawa inang'ang'ania cha kimelea kwa nguvu nyingi kuliko chetu. Waliotuonyesha njia ya kutafuta dawa kwa kulinganisha hivi ni George Hitchings na Gertrude Elion, huko Marekani, na mwaka 1988 walipewa Tuzo ya Nobel.

Kansa ni kesi nyingine. Seli ya kansa haikutoka mtoni wala haikuletwa na mbu. Ni seli yetu wenyewe iliyoacha kusikia amri, na vimeng'enya vyake karibu vyote ni vyetu. Ukiziba chake, umeziba na cha mwenye mwili. Ndiyo maana kila anayekuja na habari ya kimeng'enya kipya kinachofaa kulengwa kwa dawa ya kansa anapaswa kuulizwa swali moja kabla ya yote: tofauti iko wapi?

Sidney Farber, daktari wa Boston, alijaribu jibu la kwanza mwaka 1947. Alikuwa ameona kwamba watoto wenye kansa ya damu wakipewa dawa za jamii ya foleti, ugonjwa kama unapata nguvu. Akageuza mawazo: tukiwapa kitu kinachoigiza foleti lakini kinaziba njia yake? Mwaka uliofuata alitoa taarifa kwamba watoto 10 kati ya 16 walipata nafuu. Nafuu ya muda, wengi walirudiwa, lakini kabla ya hapo hapakuwa na nafuu ya namna hiyo. Kutoka kwenye jaribio lile ikaja dawa iitwayo methotreksati, inayoziba DHFR, kimeng'enya kilekile cha Fansidar, safari hii cha binadamu.

Na hapo ndipo hadithi inapokuja upande wetu. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika juu ya watoto wenye uvimbe wa taya. Waliowahi kumwona mtoto wa namna hiyo hawasahau: meno yanalegea na kupanda juu ya fizi, shavu linajaa, jicho linasukumwa nje, na yote hayo kwa kasi kiasi kwamba mama akimwogesha mtoto leo anaona si kama juzi. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari la Ford la mitumba wakazunguka kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, kama kilomita 16,000, wakipita hospitali kwa hospitali na picha mkononi: je, ugonjwa huu mnaujua? Ramani waliyoipata ilikuwa ramani ya joto, mvua na mbu. Sehemu za juu zenye baridi hazikuwa nao. Ukiileta ramani ile kwetu, Baraka na mwambao wote wa ziwa Tanganyika, ulioko kama mita 770 juu ya bahari, unaangukia ndani ya mkanda. Minembwe, zaidi ya mita 2,000, iko nje. Leo tunajua sababu: virusi viitwavyo Epstein-Barr vikishirikiana na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara.

Kisu hakikufaa kitu kwa watoto wale. Burkitt akashirikiana na Herbert Oettgen na Joseph Burchenal wa New York, na mwaka 1963 wakachapisha matokeo ya methotreksati. Kuna watoto ambao uvimbe uliyeyuka. Baadaye, mwaka 1967, Burkitt aliandika juu ya wagonjwa waliokaa miaka bila ugonjwa baada ya dozi moja au mbili tu za dawa za kansa. Mwaka huohuo pale Mulago kikaanza kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Kansa ya Uganda.

Kwa nini methotreksati ilifaa? Kimeng'enya ni cha kawaida, kimo katika mwili mzima. Tofauti ilikuwa ya kasi. Limfoma ya Burkitt inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na seli inayokimbia hivyo haina akiba: ikikosa foleti, inakufa. Seli za ini au za misuli zinaweza kungoja. Lakini mwilini kuna seli nyingine zinazokimbia, za mdomoni, za utumbo, za mizizi ya nywele, za uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa wa methotreksati anapata vidonda vya mdomo na nywele zinakatika. Watu husema "dawa ya kansa ni sumu" kana kwamba mtengenezaji alizembea. Hakuzembea. Aliikuta tofauti ndogo, na alilipa bei ya udogo wake.

Kuna jambo la CPN nisilisahau, kwa kuwa linahusu njia hiyohiyo. Vile vidonge vya kuongeza damu vina asidi foliki ndani yake. Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 0.4 kwa siku, na linaonya kwamba dozi kubwa ya miligramu 5 isitolewe pamoja na Fansidar, kwa sababu inaipunguza nguvu. Wauguzi mnaonisikiliza, angalieni kilichoandikwa kwenye kopo.

Na adui hujifunza. Kimelea cha malaria kilibadilisha umbo la mdomo wa DHFR yake, pirimethamini ikawa inateleza. Kongo iliifanya Fansidar dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaiacha mwaka 2005, na leo imebaki ya kinga kwa wajawazito. Huku mashariki, kama ilivyo Uganda na Rwanda, ukinzani huo ni mkubwa. Seli ya kansa nayo ina ujanja wake: mwaka 1978 Robert Schimke na wenzake wa Stanford walionyesha kwamba seli zilizozoea methotreksati zilikuwa zimeinakili jeni ya DHFR mara nyingi. Ukiziba mashine moja, yeye amefungua nyingine nyingi za aina ileile.

Nimekaa sana kwenye foleti. Sasa kuna kisa kingine ambacho kwangu ndicho kinachofundisha zaidi, na ni cha malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Malale wazee wa mwambao wanaijua. Mwanzoni mwa karne iliyopita iliyasumbua vibaya makazi ya ziwa Tanganyika, pande zote, na hadi leo Kongo ndiyo nchi yenye wagonjwa wengi wa malale duniani, ingawa wamepungua sana. Ugonjwa ukishaingia kwenye ubongo, dawa ya zamani ilikuwa melarsoproli, yenye aseniki, ambayo yenyewe iliua kama mgonjwa mmoja kati ya 20. Watu walijua wanachomwa kitu kinachoweza kuwaua, na walikubali, kwa kuwa bila hiyo kifo kilikuwa cha hakika.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa kampuni ya Merrell walitengeneza dawa iitwayo eflonithini. Hawakuwa na habari na mbung'o. Waliitaka kwa ajili ya kansa. Inaziba kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa poliamini, vitu ambavyo seli inavihitaji ili ikue, na uvimbe mwingi wa kansa una kimeng'enya hicho kwa wingi. Kwenye karatasi kilikuwa kitu safi cha kulengwa. Kwa wagonjwa wa kansa matokeo yalikuwa hafifu, na wengine wakapungukiwa kusikia. Mwaka 1980 Cyrus Bacchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pace, New York, wakawapa dawa hiyo panya wenye vimelea vya jamii ya malale, na panya wakapona. Wagonjwa wa kwanza walitibiwa Sudan, na mwaka 1990 dawa ikaidhinishwa Marekani. Watu waliokuwa wamelala hawaamki waliamka, hata ikaitwa dawa ya ufufuo.

Sasa sikilizeni sababu, maana hapa ndipo palipo utamu. Umbo la kimeng'enya cha binadamu na cha kimelea halitofautiani sana, na eflonithini inaviziba vyote viwili. Tofauti ni ya muda. Seli ya binadamu haikai na mashine hii: inaitupa na kuweka mpya ndani ya nusu saa au pungufu. Dawa ikiziba hii, mpya tayari imewekwa. Kimelea cha malale cha upande wetu wa Kongo hukaa na ileile kwa saa nyingi, kwa hiyo ikizibwa, imezibwa. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, kuna malale ya aina nyingine, ya kasi, na kimelea chake hubadilisha kimeng'enya hicho haraka zaidi. Kule eflonithini haifai. Ziwa moja, mbung'o pande zote mbili, kimeng'enya kimoja, na jibu tofauti. Na hayo usingeyajua kwa kuangalia umbo la kimeng'enya peke yake. Ndiyo maana dawa ilishindwa kwa kansa vilevile: seli ya kansa ni seli ya binadamu, nayo hubadilisha haraka.

Kilichofuata kinaudhi. Matibabu yalikuwa dripu nne kila siku kwa siku 14, ndiyo dripu 56, katika vijiji ambako hata maji safi ni shida. Soko lake lilikuwa watu maskini, na katika miaka ya 1990 utengenezaji ukasimama. Mwaka 2000 dawa hiyohiyo ikaidhinishwa Marekani kama krimu ya kupunguza nywele za usoni kwa wanawake, kwa jina la Vaniqa. Kelele zikapigwa, Madaktari Wasio na Mipaka wakiwa mbele, na mwaka 2001 kampuni ya Aventis ikakubaliana na Shirika la Afya Duniani kuitoa bure. Mwaka 2009 ikaunganishwa na nifurtimoksi, dripu zikashuka hadi 14, na tangu 2018 kuna feksinidazoli, vidonge vya siku 10. Sina ugomvi na mwanamke anayetaka uso laini. Nasema tu kwamba kimeng'enya kinaweza kufaulu mitihani yote ya maabara, halafu kikaanguka kwenye mtihani wa nani atalipa.

Tangu hapo watafiti wamekuwa waangalifu zaidi, au tuseme wameumwa wakajifunza. Chukueni vimeng'enya vya sukari. Otto Warburg, Mjerumani, aliona katika miaka ya 1920 kwamba uvimbe wa kansa unakula sukari kwa pupa. Hapo ndipo unapotoka ule ushauri unaozunguka kwenye simu, kwamba mgonjwa wa kansa aache sukari, uji, hata bugali. Msiwafanyie wagonjwa hivyo. Ubongo nao unakula sukari, na mgonjwa aliyekonda tayari akinyimwa chakula atatangulia yeye kabla ya uvimbe. Ugumu wa kuziba vimeng'enya vya sukari ndio huohuo: seli nzima nazo zinavihitaji.

Siku hizi mtafiti anaweza kuifuta jeni ya kimeng'enya kwenye seli za maabara aone kama zitakufa. Zikifa, anafurahi, na mara nyingi anafurahi mapema. Seli za maabara zinalishwa mchuzi mnono ambao haufanani na damu ya mtu. Ndani ya mwili uvimbe una njia za pembeni: ukikosa hiki unachukua kile. Dawa telaglenastati iliziba kimeng'enya ambacho uvimbe hutumia kula glutamini. Maabara ilisifia. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kwa wagonjwa wa kansa ya figo haikusaidia.

Na kuna iliyofaulu. Kati ya 2008 na 2009 iligunduliwa kwamba katika kansa fulani za ubongo na za damu, kimeng'enya kiitwacho IDH kimebadilika, na kilichobadilika kinatengeneza kitu ambacho seli nzima haitengenezi kwa wingi, kitu kinachoizuia seli kukomaa. Hapo tofauti ipo wazi kabisa: kimeng'enya kimeacha kazi yake kikaanza nyingine. Dawa za kukiziba zimeidhinishwa tangu 2017, na ya uvimbe wa ubongo ilipita mwaka 2024. Ingekuwa kila kansa ina alama kama hiyo, kazi ingekuwa rahisi. Nyingi hazina.

Mimi nadhani kuna ushahidi mwingine ambao watafiti hawautumii vya kutosha, na uko kwetu. Watu wengi wa ukanda wa malaria wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya G6PD, na wanaishi, wanalima, wanavua ndagala, isipokuwa wakipewa dawa fulani ndipo damu yao huharibika. Mtu anayetaka kuziba G6PD kwenye uvimbe ana mamilioni ya watu wa kumwonyesha mwili unavumilia kiasi gani. Na upande wa pili, rasburikasi, dawa inayotumika pale uvimbe kama wa Burkitt unapoyeyuka kwa ghafla na kuijaza damu taka, ni hatari kwa watu haohao. Dawa ikijaribiwa Boston peke yake, jambo hilo linaweza kupita bila kuonekana.

Eflonithini nayo imerudi ilikoanzia. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha vidonge vyake kwa watoto wenye nyuroblastoma ya hatari, kansa ambayo mara nyingi huendeshwa na jeni inayoamrisha poliamini zitengenezwe kwa wingi. Vinatolewa baada ya matibabu mengine, ili ugonjwa usirudi. Watoto waliovitumia walilinganishwa na watoto wa utafiti wa awali, hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo kuna madaktari wanaotaka ushahidi zaidi, na mimi niko upande wao. Lakini tazameni: kimeng'enya kile kilichokataliwa kwa kansa kwa ujumla kimepata nafasi kwa kansa moja, mahali ambapo uvimbe unakitegemea kupita kiasi.

Kwa mtoto wa huku kwetu, wa Lulimba au wa Sebele, mambo ni ya chini zaidi ya hapo. Dawa za limfoma ya Burkitt ni za zamani, methotreksati imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya dunia. Kinachotangulia ni kipande cha uvimbe kuchukuliwa na kutazamwa kwa darubini na mtu aliyesomea kazi hiyo, na hapo safari inaanza: Uvira, Kamanyola, Ngomo, Bukavu, kama barabara imefunguka, na wengine huvuka mipaka hadi Butaro, Rwanda, au Kampala. Uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku mbili haungoji barabara ifunguke.

Kwa hiyo wazazi, mtoto akivimba taya au tumbo kwa haraka, meno yakilegea bila kugongwa, jicho likitokeza, msimpeleke kung'olewa jino na kurudi nyumbani kungoja. Mpelekeni hospitali kuu ndani ya wiki hiyohiyo, mseme uvimbe ulianza siku gani, na mwombe karatasi ya rufaa siku hiyohiyo. Mkiwa na picha kwenye simu ya wiki iliyopita, mwonyesheni daktari. Picha mbili zenye tarehe zitamweleza kasi ya uvimbe kuliko maneno.